Ukifika kwenye magofu ya St Andrews, anzia mlangoni

Mara ya kwanza nilipokwenda kwenye magofu ya kanisa kuu la St Andrews, mji wa pwani huko Uskoti, nilikaa nusu saa tu. Nilipiga picha ile minara miwili ya ukuta wa mashariki, upepo wa baharini ukanichapa, nikakimbilia basi. Picha zilitoka nzuri, lakini kanisa lenyewe sikuliona.

Niliporudi nilifanya jambo moja ambalo namsihi kila anayekwenda alifanye: ingia kwa mlango wa magharibi, kisha tembea polepole hadi ukuta wa mashariki bila kukatiza. Ni karibu mita 119. Hakuna kanisa Uskoti lililowahi kulizidi hilo kwa ukubwa, na ni miguu itakayokwambia, maana juu kumebaki mbingu tupu. Chini, kwenye majani, utaona vitako vya nguzo vimepangana. Simama katikati yake.

Ukiwa hapo, tazama ukuta wa kusini, ambao bado umesimama. Madirisha ya upande wa mashariki yana vichwa vya duara. Ukielekea magharibi, vichwa vinachongoka. Nilikaa hapo muda mrefu. Ujenzi ulianza 1158, na kanisa likawekwa wakfu 1318 mbele ya Mfalme Robert the Bruce. Ndani ya miaka hiyo 160 mtindo wa kujenga ulibadilika, na katikati yake dhoruba ikaangusha ukuta wa mbele. Yote hayo unayasoma kwenye madirisha. Mwashi aliyechonga lile la kwanza hakuliona la mwisho.

Kilicholiua si dhoruba. Mwaka 1559, baada ya mahubiri ya John Knox, mhubiri Mprotestanti aliyepinga sanamu makanisani, watu waliingia wakavunja sanamu na altare. Kanisa likaachwa, na wenyeji wakachukua mawe yake kujengea. Kwa hiyo ukitoka, pita mitaani uzitazame kuta za nyumba kuukuu.

Mnara wa St Rule, uliosimama kando ya magofu, wenye mita 33, ni wa zamani kuliko kanisa kuu. Ukiwa wazi, uache mwisho: ukishatembea chini, ukiwa juu utaona umbo zima la msalaba limechorwa ardhini, na utajua ulisimama wapi.

Vaa koti zito hata Julai. Treni haifiki mjini. Shuka Leuchars, upande basi. Na uwanja wa magofu umejaa makaburi, kwa hiyo usikanyage wala kukalia mawe yake.