Maswali na Majibu: Injini mpya ya gari la rimoti si yai

Barua za mwezi huu karibu zote zimehusu magari makubwa ya rimoti, yale ya kipimo cha 1 kwa 5 yenye injini ya petroli ya cc 23 hadi 32. Tumechagua sita.

Salaam aleikum. Nimeletewa gari jipya, injini cc 26. Rafiki yangu aliyezoea magari ya nitro (yale yachomayo mafuta maalumu badala ya petroli) aniambia niiache ingurume mahali pamoja kwa tangi tano, nisivute mafuta kabisa. Mwengine asema niipige tangu siku ya kwanza. Nani mkweli? — Msomaji, Kisauni

Waaleikum salaam. Wote wawili wamekosea, ila huyo wa nitro amekosea zaidi.

Injini ya nitro kwa kawaida haina ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni. Pistoni yake hubana yenyewe kwenye silinda iliyofinywa kidogo huko juu, ndiyo maana wenyewe huibembeleza. Yako ni ya ukoo wa mashine za kufyekea nyasi. Injini za Zenoah, G230, G260, G290, na zile zilizoigizwa kutoka kwazo zina pistoni yenye ringi ndani ya silinda iliyopakwa madini magumu. Ringi haikai kwa kubembelezwa. Moto ukipiga juu ya pistoni, mgandamizo huingia nyuma ya ringi na kuisukuma ikwaruze ukuta wa silinda, na kule kukwaruzana ndiko kunakowapatanisha. Injini ikinguruma chini chini saa nzima, msukumo huo haupo. Oili yaungua nusunusu, ukuta wafanya utelezi kama kioo, na ringi haibani tena sawasawa.

Kabla ya kuvuta kamba hata mara moja, toa spana za aleni. Pitia skrubu za kabureta, za kile kipande cheusi kilicho kati ya kabureta na silinda, za silinda yenyewe na za bomba la moshi. Za kabureta zifungue moja moja, uzifute grisi, utie tone la gundi ya nati ya rangi ya buluu, kisha ukaze. Za bomba la moshi usihangaike na gundi hiyo, joto litaimaliza. Hizo zitie vipete vya springi (springi washa) na uzikague kila tangi. Injini nyingi zinazosemwa zimekufa kwa kutozoeshwa vizuri ziliuliwa na skrubu mbili za kabureta zilizolegea zikavuta hewa ya pembeni.

Tangi la kwanza: iwashe, ipe dakika mbili tatu mpaka ipokee mafuta bila kukohoa, kisha uiendeshe. Tafuta uwanja wa wazi, mkavu. Vuta mpaka nusu, achia, vuta tena, achia. Usikae kwenye kasi moja. Tangi likiisha, iache ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya silinda, halafu urudie zile skrubu zote. Hapo ndipo hulegea. Tangi la pili vuta hadi robo tatu, na mara moja moja mpaka mwisho kwa sekunde mbili tatu. Tangi la tatu endesha kama kawaida, bila kushikilia mwisho kwa muda mrefu. La nne, pima kabureta (tumeeleza kwenye jibu la Nyali hapo chini) na uendelee na maisha. Katika tangi hizo tatu, sindano ya H, ile skrubu ya kabureta inayopima petroli ya kasi kubwa, iwe wazi kidogo zaidi ya kawaida, thumuni ya mzunguko hivi. Itatoa moshi na kuwa nzito; wacha iwe.

Hapa Likoni oili ya 2T iliyo rahisi kupatikana ni ya injini za boti. Wavuvi waitumia miaka na mashine zao zaenda. Kuna ubaya gani, na nitie kiasi gani? — Msomaji, Likoni

Geuza kopo usome nyuma. Ikiwa imeandikwa TCW-3, irudishe kwa wavuvi. Oili hiyo imetengenezewa injini inayopozwa kwa maji, na mashine ya boti hupigiwa maji ya bahari kuzunguka silinda mchana kutwa. Yako yapozwa na feni ndogo tu, na kichwa chake hupita nyuzi 100 bila shida. Katika joto hilo oili ya boti haiwezi kuisafisha pistoni. Huacha masizi kwenye mfereji wa ringi, ringi ikaganda mle ndani, na nguvu ikapotea polepole hata usijue imekwenda wapi. Tafuta kopo lenye maandishi JASO FC au FD, alama za kiwango cha oili ya 2T. Maduka ya misumeno ya miti na mashine za nyasi huwa nayo.

Kiasi ni 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa lita moja ya petroli, mililita 200 kwa dumu la lita 5. Wenye oili nzuri ya sinthetiki hushuka hadi 32 kwa 1, mililita 31 kwa lita. Ile 50 kwa 1 iliyoandikwa kwenye makopo usiifuate: injini ya gari la rimoti huzunguka kwa kasi kubwa, katika vumbi, ikivuta mzigo. Pima kwa bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa. Usimimine kwa jicho ukidhani kuzidisha ni hisani. Oili ikizidi, petroli inayopita kwenye sindano ya kabureta hupungua, na injini hukauka mafuta huku ikitoa moshi.

Petroli nunua kituo chenye wateja wengi. Ukiishuku, kabla ya kutia oili dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka isiache kitu. Iliyochanganywa mafuta ya taa huacha doa la uto. Iliyochanganywa hugonga ndani ya silinda, na pistoni hutoboka. Mchanganyiko ukipita mwezi katika joto letu, utie kwenye mashine ya nyasi.

Nilinunua gari kuukuu kutoka Nairobi. Huko lilikimbia bila tatizo. Hapa Nyali tangi la pili tu, katikati ya kasi likapiga mbinja, likaishiwa nguvu, kamba ikakataa kuvutika. Lilipopoa ikavutika. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia? — Msomaji, Nyali

Yakhe, huenda muuzaji hana hatia. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Hewa ya hapa pwani, hata ukihesabu joto letu, ni nzito kuliko ile kwa karibu sehemu moja katika tano. Kabureta iliyopimwa kule ikifika huku hupokea hewa zaidi kuliko petroli iliyopangiwa. Mchanganyiko hukonda, moto huwa mkali, pistoni huvimba na kung'ang'ania silinda. Ile mbinja uliyosikia ndiyo onyo la mwisho. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi hupata kinyume chake: gari huwa zito na la moshi, lakini halifi.

Kwanza tazama hasara. Fungua bomba la moshi, vuta kamba polepole na uchungulie pistoni kwenye tundu kwa tochi. Mikwaruzo ya wima upande huu wa moshi ni alama ya joto na mafuta machache. Kisha fungua kabureta uchungulie upande wake. Mikwaruzo ikiwa upande huo, ni vumbi lililopita kwenye chujio. Mistari miwili mitatu myembamba yavumilika. Ukiona madini meupe ya pistoni yamepakaa ukutani, nunua pistoni na ringi, na silinda ikaguliwe.

Ikiwa yafaa, anza upya. Kwenye kabureta za Walbro kama WT-668 kuna sindano mbili, H ya kasi kubwa na L ya kasi ndogo. Zifunge kwa bisibisi mpaka ziguse, bila kukaza, kisha ufungue H mzunguko mmoja na nusu, L mmoja na robo. Pasha injini moto kwa kuendesha. Anza na L: vuta mafuta ghafla. Ikisita bila moshi, fungua thumuni ya mzunguko. Ikigugumia kwa moshi, funga thumuni. Kisha H, gari likikimbia moja kwa moja mita 50 hivi. Mwisho wa kasi unataka sauti yenye mkoromo kidogo. Ikiwa safi na kali kama ya nyuki, fungua. Usiguse zaidi ya thumuni kwa mara moja, na usipime gari likiwa limeinuliwa juu ya kisanduku. Bila mzigo sauti hudanganya.

Zima injini ikiwa kwenye kasi, usiiache ingurume, kisha toa plagi. Rangi ya halua, ndiyo tuitakayo. Nyeupe kama chokaa, ongeza mafuta leo hii. Nyeusi yenye unyevu, punguza. Nafasi ya cheche iwe milimita 0.6 hadi 0.7.

Ikiwa umeongeza mafuta na bado kasi yachelewa kushuka ukiachia, au ngurumo yapanda na kushuka yenyewe, acha sindano. Hewa yaingia mahali. Injini ikiwa imezimwa na baridi, paka grisi nzito kuzunguka maungio ya kabureta, washa, usikilize. Ikitulia, umepata tundu, badilisha gasketi. Isipotulia, shuku sili za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni.

Twapenda kuendesha ufukweni Bamburi. Chujio la hewa nalisafisha kila wiki. Yatosha? — Msomaji, Bamburi

Haitoshi. Mchanga wetu ni wa matumbawe yaliyosagika, mwingine laini kama unga wa muhogo. Osha sponji baada ya kila siku ya ufukweni kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, ikauke kabisa, utie oili ya chujio, uikamue mpaka rangi ienee sawa. Sponji kavu haizuii kitu. Kosa lisiloonekana liko kwenye ukingo: vumbi hupita pale sponji inapokutana na kikalio chake, kwa hiyo paka grisi hapo. Uwe na sponji mbili, moja kwenye mfuko wa plastiki, ubadilishe mchana.

Chumvi nayo hula beringi na viungo vya waya. Usilimwagie gari maji kwa bomba. Pangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, nyunyizia WD-40 kwenye beringi za magurudumu na springi za breki, lakini breki zenyewe ziepushe.

Mwanangu ana miaka 13. Kwenye boksi la gari lake pameandikwa yatumia gesi. Nimtilie ya mtungi wa jikoni? — Mama, Tudor

La, mama! Wamarekani wakisema gesi wamaanisha petroli. Ila gari hilo lina uzito wa kilo 10 hadi 15 na laweza kupita kilomita 60 kwa saa. Asiliendeshe bila mtu mzima karibu, na tafadhali asome jibu linalofuata.

Usukani watetemeka wenyewe injini ikiwaka, na mara moja gari lilikataa rimoti likaenda mpaka likagonga ukuta. Betri ni mpya. — Msomaji, Changamwe

Tazama plagi. Kwa plagi za NGK, herufi R katika namba, kama CMR7H inayotumika sana kwenye injini hizi, maana yake ina kizuizi ndani kinachonyamazisha kelele za umeme wa cheche. Aliyekuuzia plagi ya mashine ya nyasi isiyo na R amekupa redio ya kelele kando ya risiva, kile kifaa ndani ya gari kinachopokea ishara za rimoti. Badilisha, kisha sogeza waya wa antena mbali na koili na waya wa plagi.

Usiliwashe tena kabla ya kufunga swichi ya kuzimia inayounganishwa na risiva. Mawasiliano yakikatika au betri ikidhoofu, swichi hukata cheche na injini huzima. Kwenye rimoti panga pia kwamba ishara ikipotea, sevo ya mafuta (mota ndogo inayovuta mafuta na breki) irudi kwenye breki, isibaki ilipokuwa. Ongeza springi ya kurudishia mafuta kwenye mkono wa kabureta. Mkono wa sevo ukivunjika, springi hiyo ndiyo itakayofunga mafuta.

Jaribu hivi: injini imezimwa, magurudumu ya nyuma juu ya kisanduku, washa rimoti na gari, vuta mafuta nusu, kisha uzime rimoti. Sevo ikirudi kwenye breki papo hapo, washa injini urudie. Isipozima ndani ya sekunde moja au mbili, izime kwa mkono na gari libaki nyumbani mpaka upate sababu.