Chuo au kampuni? Ninavyokagua utafiti kabla ya kuuamini

Vijana wanaokuja famasi kwetu kwa mafunzo ya vitendo wana swali moja wanalolipenda: utafiti wa kampuni si wa kuuzia dawa tu? Wa chuo kikuu ndio wa kuaminika, au siyo? Wengine wanaligeuza: maprofesa wanaandika ili wapande vyeo, wenye fedha na mitambo ya maana ni kampuni. Kabla sijahamia nyuma ya kaunta nilikuwa msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa chuo, kisha kwenye jaribio la dawa lililodhaminiwa na kampuni. Jibu langu huwa haliwafurahishi wa upande wowote. Udanganyifu upo kote, ila haukai mahali pamoja. Utafiti wa chuo ukague chini, kule data inakokusanywa na kuchambuliwa. Utafiti wa kampuni ukague juu, kwenye swali lililoulizwa na kwenye majibu yaliyofungiwa kabatini.

Kwenye ule mradi wa chuo tulikuwa tunapima presha vijijini, na kazi yangu ilikuwa kuingiza madodoso kwenye kompyuta. Nikafika kwa mdodosaji mmoja ambaye vipimo vyake vyote viliishia na sifuri: 120/80, 130/90, 140/80, ukurasa kwa ukurasa. Mashine tulizogawiwa zilikuwa za kidijitali, na mashine ya kidijitali haijui kukadiria. Itakuandikia 127/83, halafu 134/76. Yule kijana alikuwa amekaa kivulini akajijazia. Nikampelekea msimamizi, akatazama, akaniambia, "Mdogo wangu, ripoti inatakiwa mwisho wa mwezi." Karatasi zikaingizwa kama zilivyo.

Simchukulii yule msimamizi kuwa mtu mwovu. Mfadhili alikuwa amelipia ripoti, wadodosaji walilipwa kwa idadi ya madodoso, na kwenye bajeti hapakuwa na hata shilingi ya kumrudisha mtu kijijini kuhakiki. Mambo yakipangwa hivyo, mwenye kujaza haraka ndiye anayepata zaidi.

Kwenye jaribio la kampuni hali ilikuwa nyingine kabisa. Mkaguzi alikuwa anakuja na begi lake, anakaa siku nzima na mafaili, analinganisha kila tulichoandika kwenye fomu na kilichomo kwenye faili la mgonjwa. Ukikosea tarakimu, hufuti wala hupaki wino mweupe. Unapiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, unaandika sahihi pembeni, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Joto la friji la dawa linaandikwa asubuhi na jioni, na likivuka nyuzi 8 unaandika maelezo hata kama ni Jumapili. Tulilalamika sana. Ila najua kwa nini walikuwa wakali: mafaili yale yangeishia mezani kwa mamlaka za dawa, na mamlaka ikigundua kituo kimepika data inaweza kulitupa jaribio lililokula mamilioni ya dola. Woga ule chuo hakina. Makala ya chuo inakaguliwa na wasomi wawili watatu wanaosoma kilichoandikwa, na ni nadra sana waombe kuona madodoso.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma habari ya Amgen. Hii ni kampuni ya dawa ya Marekani, na watafiti wake walichukua makala 53 za saratani zilizokuwa zinasifiwa sana, nyingi zikitoka kwenye maabara za vyuo, wakajaribu kuzirudia kabla ya kampuni kumwaga fedha kutengeneza dawa kutokana nazo. Mwaka 2012 Glenn Begley na Lee Ellis waliandika kwenye jarida la Nature kwamba 6 tu ndizo zilizotoa matokeo yaleyale. Bayer, kampuni ya dawa ya Ujerumani, nao walikuwa wametangulia mwaka 2011 na malalamiko ya namna hiyohiyo. Mwaka 2015 kundi la wanasaikolojia likiongozwa na Brian Nosek lilirudia tafiti 100 za fani yao. Asilimia 97 ya zile za awali zilidai kuona tofauti ya kitakwimu, ziliporudiwa zikabaki asilimia 36. Sehemu kubwa ya tatizo hili wala si wizi. Ni maabara ndogo, wanyama au watu wachache, na mwanafunzi anayeichambua data kwa njia kadhaa hadi moja itoe kitu cha kuandikia makala, kwa sababu makala ya "hatukuona chochote" haimpi mtu shahada wala cheo.

(Amgen wenyewe hawakutaja ni makala zipi 53. Walisema mikataba ya usiri iliwafunga. Kampuni ni kampuni.)

Sasa tupande juu, maana huko ndiko watu wengi wa fani yangu wanakoliwa.

Mwakilishi mmoja wa dawa alikuja kwetu, nadhifu, amebeba kipeperushi kinachong'aa. "Dokta, hii esomeprazole, omeprazole haioni ndani." Zote mbili ni dawa za kupunguza asidi ya tumbo. Akanionyesha mchoro: nguzo moja fupi, nyingine ndefu zaidi ya mara tatu. Nikaangalia pembeni mwa mchoro. Mhimili haukuanzia sifuri, ulianzia 80. Tarakimu zenyewe zilikuwa asilimia 93.7 ya wagonjwa waliopona michubuko ya umio baada ya wiki 8, dhidi ya 84.2. Tofauti ipo, lakini si hiyo ya mara tatu. Halafu nikasoma maandishi madogo ya chini: esomeprazole miligramu 40, omeprazole miligramu 20.

Hapo pazuri, tusimame kidogo. Utafiti ule haukubuniwa na mtengenezaji wa kipeperushi. Ni jaribio la kweli lililochapishwa mwaka 2001, limedhaminiwa na AstraZeneca, na sina sababu ya kudhani kuna mgonjwa hata mmoja aliyebuniwa. Hataza ya omeprazole, yaani haki ya kuitengeneza peke yao, ilikuwa inaisha, na kampuni ilihitaji mrithi. Esomeprazole ni omeprazole ileile, wamechukua umbo moja tu kati ya mawili ya molekuli yake. Ukitaka kujua kama umbo hilo ni bora, unapima 40 kwa 40 au 20 kwa 20. Ukipima 40 kwa 20, umeshindanisha wakimbiaji wawili huku mmoja umemfunga mguu, halafu unamsifu aliyeshinda. Data safi, swali limepinda. Mkaguzi mwenye begi angemaliza mafaili yote asione kosa, kwa sababu kosa haliko kwenye mafaili.

Ukiacha swali, kuna kabati. Mwaka 2008 Erick Turner, aliyewahi kufanya kazi kwenye mamlaka ya dawa ya Marekani, na wenzake walichukua majaribio 74 ya dawa za sonona yaliyokuwa yamewasilishwa na kampuni kwa mamlaka hiyo, wakatafuta ni yapi yaliyofika majaridani. Mamlaka iliona majaribio 38 kuwa na matokeo mazuri, na 37 kati ya hayo yalichapishwa. Yaliyobaki 36 yalikuwa mabaya au ya mashaka: 22 hayakuchapishwa, 11 yalichapishwa yakiwa yamepakwa rangi yaonekane mazuri, na 3 tu ndiyo yaliyosema ukweli wao. Daktari aliyekuwa anasoma majarida kwa bidii kabisa aliamini kwamba karibu kila jaribio lilifanikiwa.

Na tusidanganyike kwamba jina la chuo juu ya makala linasafisha kitu. Jaribio namba 329 la paroxetine, dawa ya sonona, kwa vijana 275 lilichapishwa mwaka 2001 chini ya majina ya wasomi wa vyuo, wakiongozwa na profesa wa Brown. Baadaye ikajulikana kuwa rasimu iliandikwa na mwandishi wa kukodi aliyelipwa na kampuni ya dawa. Watafiti wengine walipoichambua upya data yake mwaka 2015, waliona dawa haikushinda kidonge kitupu, na vijana walioimeza walikuwa na visa vingi zaidi vya kufikiria au kujaribu kujiua. Miaka ya 1960 wenye viwanda vya sukari wa Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500 waandike mapitio yanayotupia lawama mafuta kwenye magonjwa ya moyo; yakachapishwa mwaka 1967 bila mlipaji kutajwa, na siri ikatoka mwaka 2016.

Kwetu pia tuna la kusimulia. Mwaka 1990 Kenya ilitangaza Kemron, dawa ya UKIMWI iliyotoka KEMRI, taasisi ya umma, na Rais Moi mwenyewe akasimama nayo. Haikuwa kampuni ya mtu. Lakini watu wa mwanzo walipewa dawa bila kundi la kulinganisha, na matangazo yakatangulia ushahidi. Jaribio lililofanywa baadaye Uganda, ambapo wengine walipewa kidonge kisicho na dawa, halikuona faida yoyote. Heshima ya taifa nayo ni mlipaji, na mara nyingine anabana kuliko mwenye hisa.

Basi nikiletewa utafiti leo, kitu cha kwanza ninachofungua ni sajili, makala yenyewe inasubiri. Majaribio ya dawa yanatakiwa kuandikishwa kabla ya kuanza, na sajili zipo wazi bure: ClinicalTrials.gov ya Marekani, na yetu ya Afrika inayoitwa PACTR. Natafuta jina la jaribio, naangalia lilisajiliwa lini na walisema watapima nini. Halafu ndipo nafungua makala. Kama waliahidi kupima vifo na makala inashangilia kushuka kwa kipimo fulani cha damu, nakunja uso, awe profesa au mkurugenzi. Inachukua muda mfupi kuliko foleni ya benki.

Usajili una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Robert Kaplan na Veronica Irvin walikusanya majaribio makubwa ya magonjwa ya moyo yaliyofadhiliwa na serikali ya Marekani. Kati ya 30 yaliyochapishwa kabla ya mwaka 2000, 17 yalionyesha faida. Baada ya hapo, watafiti walipolazimika kutangaza mapema watakachopima, ni 2 kati ya 25. Fedha za umma, wasomi wa vyuo, lakini ushindi umeyeyuka.

Ikiwa ni utafiti wa kampuni, ninakwenda moja kwa moja kwenye dawa iliyolinganishwa nayo: ni ipi, dozi gani, na je, ndiyo ninayoiuza kila siku? Ikiwa ni wa chuo, nauliza walikuwa watu wangapi na kama kuna wengine, mahali pengine, waliopata jibu lilelile. Utafiti mmoja mdogo wa chuo chetu tunachokipenda nauweka rafu ya kusubiri.

Mfano wa kazi ninayoiamini ni chanjo ya malaria ya RTS,S, na ukiuliza ni ya chuo au ya kampuni utakwama. Kampuni ya GSK, shirika la PATH, fedha za Gates, na vituo vya utafiti 11 kwenye nchi 7 za Afrika, vikiwemo vya Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Jaribio la mwisho lilianza mwaka 2009 likaandikisha watoto 15,459. Walitoa hadharani hata yasiyopendeza: kinga haikuwa kubwa, tena ilipungua kadiri muda ulivyokwenda, na waliochanjwa walikuwa na visa zaidi vya homa ya uti wa mgongo. Shirika la Afya Duniani halikukimbilia kusema ndiyo. Lilitaka chanjo itolewe kwanza kwa majaribio Ghana, Kenya na Malawi kuanzia 2019, na dalili zile zilipokosa kujirudia ndipo likaipendekeza kwa upana, Oktoba 2021. Mimi nilishawishika na zile kurasa za madhara kuliko kurasa za faida.

Yote haya yanahitaji kuwepo kitu cha kukagua. Kuna unga na matone ya kisukari yanayouzwa kwa simu, "utafiti wa chuo kikuu umethibitisha," na mteja anakuja ameshikilia picha: "Dada, hii mnayo?" Nawaomba wauzaji wanitumie jina la makala, jarida, mwaka na namba ya usajili. Wengi hunitumia video ya mzee anayetoa ushuhuda. Mmoja alinitumia namba ya usajili kweli, nikaifuatilia. Ilikuwa ya BRELA, wanakosajili majina ya biashara.