Huyo si mvivu, ni usingizi

Mamaa, umeuliza kama umwongezee tuisheni huyo wa gredi ya tatu juu mwalimu anasema anasinzia darasani, mi nasema zii, hebu piga hesabu kwanza. Basi linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri so ameamka saa kumi na moja, homuweki inaisha saa nne usiku, hapo ni masaa saba ya kulala na mtoto wa umri huo anafaa kupata tisa hadi kumi na mbili. Na sheria iliwekwa bana, kanuni za elimu ya msingi za 2015 zilisema masomo shule za kutwa ni saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu, ni vile tu shule nyingi hapa Nairobi zinajifanya hazijaisoma. Wangu alikuwa hivyo hivyo, namvalisha soksi akiwa bado amelala, chai anakunywia kwa basi nusu inaishia kwa sweta, teimstebo (jedwali la kuzidisha) aliyoijua fiti Jumapili ikifika Jumanne imepotea yote, kumbe ubongo unahifadhi ulichosoma ukiwa umelala. Nilifanya mbili tu: niliomba dereva amchukue raundi ya pili, na homuweki ikifika saa mbili na nusu usiku nafunga kitabu, naandikia mwalimu “amelala” na kusaini. Mwalimu alinuna kama wiki hivi. California kule Marekani tangu 2022 hata wale wa sekondari hawaanzi kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, sasa huyu wako wa miaka minane?