Siku hizi uko wapi?

Mtwara, Chikongola
Juni

Mwanangu,

Salamu zikufikie wewe, mkeo na wajukuu zangu. Sisi huku wazima. Kusi limeshika, asubuhi kuna baridi, na mdogo wako yuko shambani Nanguruwe anapuliza salfa kwenye mikorosho kabla ubwiriunga, ule ukungu mweupe, haujashika maua.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. Unasema kwenye ile harusi mtu mliyesoma naye alikushika mkono akakuuliza, "Siku hizi uko wapi?" Ukajifanya simu inaita, ukatoka nje. Halafu ukaniuliza: "Mama, kama sina kazi, mimi ni nani?" Sikukupigia siku ile. Nilijua nikilisema kwa mdomo nitalia, na nikilia utaacha kunisikiliza uanze kunibembeleza. Ndiyo maana nimekaa nikaandika.

Mkeo ameniambia jambo, na nakuomba usimkasirikie, baba. Ameniambia kwamba tangu kampuni ilipopunguza watu mwezi wa kumi, bado unaamka saa kumi na moja, unapiga pasi shati, unatoka, na jioni unarudi na daladala za watu wanaotoka kazini. Alidhani nitashtuka. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa miezi mitano, na wewe ulikuwa tumboni.

Nilianza kiwanda cha korosho mwaka 1979, nina miaka ishirini. Kazi yangu ilikuwa kuchambua madaraja. Meza ndefu, wasichana pande mbili, punje nyeupe zinamwagwa katikati. Nzima huku, nusu kule, zilizoungua kando, vipande kwenye ndoo. Zile nzima zinagawanywa tena kwa ukubwa. Tukisema 320 maana yake ratili moja inaingia punje kama mia tatu na ishirini. 240 ni kubwa zaidi, 210 kubwa kuliko hizo. Mwanzoni nilikuwa nahesabu. Baada ya mwaka sikuhesabu tena, vidole vilikuwa vinajua. Msimamizi akichota kwenye trei yangu akapima, haikosi. Siku moja aliwaita wasichana wapya waje waniangalie mikono. Usiku ule sikulala kwa furaha.

Niliipenda kazi ile, na mshahara haukuwa sababu pekee. Nikipita mtaani na koti langu la bluu watu wanasema, "Yule wa kiwandani." Hata bibi yako akiulizwa habari zangu hakusema sijambo, alisema, "Yuko kiwandani." Kuwa mzima na kuwa kiwandani kulikuwa kitu kimoja.

Na nyakati zenyewe zilikuwa hivyo. Mwaka 1983 ilitoka Sheria ya Nguvu Kazi. Habari zilitufikia kutoka Dar es Salaam kwamba watu wasio na kitambulisho cha kazi wanakamatwa, wanaitwa wazururaji, wanapakiwa kwenye magari wapelekwe vijijini wakalime. Changu nilikifunga kwenye pindo la kanga, nikalala nacho. Nchi nzima tulikuwa tumeambiwa kwamba asiyeandikwa kazi mahali ni mzururaji, na mimi niliamini. Nilimwamini aliyesema hivyo kuliko nilivyomwamini mama yangu, aliyetulea watoto sita kwa jembe na hakuwahi kuandikwa popote.

Mwaka 1985 wakatuita uani, wakasoma majina. Hawakusema maneno mabaya. Walisema tu kiwanda kinasimama, tutapewa taarifa. Asubuhi iliyofuata king'ora hakikulia lakini mimi niliamka, nikavaa koti, nikaenda mpaka getini, nikakaa chini ya mwembe. Tulikuwa saba pale. Hatukuulizana kitu. Jua likipanda tunatawanyika mmojammoja, kila mtu na njia yake, ili mtaani wasituone tumerudi mapema. Baba yako, Mungu amrehemu, alijua tangu siku ya kwanza. Hakunisema. Alikuwa anatoka bandarini usiku amechoka na magunia, na bado alfajiri nakuta ameniwekea chai kwenye chupa.

Kilichoniuma zaidi ya njaa ni kwamba nilijiona nimechambuliwa. Kwamba kuna mkono umenipitia kama mimi nilivyozipitia punje, ukanitupa kwenye ndoo ya vipande. Nikaanza kutafuta kosa. Labda ile siku niliyochelewa kwa ajili ya msiba. Labda nilipomjibu karani. Nakujua, na wewe usiku unatafuta.

Miaka mingi baadaye nilimsikia bwana shamba akieleza kwenye mkutano wa wakulima. Msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, mikorosho yao ikabaki mbali ndani ya vichaka. Bei ya mkulima ilikuwa hailipi hata jasho la kufyeka. Kisha ubwiriunga ukaingia, maua yakawa yanakauka kabla ya kubeba. Na viwanda vyenyewe vilikuwa vimejengwa vingi, vikisubiri korosho ambazo hazikuwepo. Nilikaa kwenye benchi lile nikahisi mwili umelegea. Hakuna msichana wa mezani ambaye angezuia hayo kwa kuwahi kazini. Miaka yote ile nilikuwa nimejihukumu kwa kosa la ukungu.

Sijui ni kitu gani kiliingia kwenye kampuni yenu. Lakini mtu uliyefanya kazi miaka kumi na moja bila kuandikiwa onyo, ukaondolewa pamoja na wenzako arobaini kwa siku moja, usiniambie waliwapima mmojammoja.

Sitakuambia kwamba kazi si kitu. Wanaosema hivyo mara nyingi mshahara wao umeshaingia. Kazi inamwingia mtu mwilini. Mimi nina miaka zaidi ya sitini na tano, na ukinifunga kitambaa machoni ukanimwagia punje mkononi, nitakutajia daraja. Kiwanda kilichukua kitambulisho, hakikuchukua hilo. Nilipoanza kubangua nyumbani, moshi machoni, mafuta ya maganda yananichubua vidole mpaka nipake majivu, wateja wa stendi walizijua pakiti zangu bila kuonja, kwa sababu hazikuwa na punje iliyovunjika. Nyinyi wanne mmekwenda shule kwa pakiti hizo.

Na bado, sensa ya 1988 ilipokuja, karani alimuuliza jirani aliyekaa nami kibarazani kazi yangu. Akajibu, "Huyu hana kazi, anabangua korosho tu." Hakuwa na nia mbaya. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, kisu mkononi, korosho zinanisubiri kwenye kikaango, na sina kazi! Tangu siku ile neno hilo nalisikiliza kwa makini. Mtu analima ekari tatu, tunasema hana kazi. Mama anaamka na nyota kwenda kwenye mwani, hana kazi. Tulikusudia kusema hana ajira, tukasema hana kazi, na kutoka hapo ni hatua ndogo kusema si kitu. Lakini huyohuyo jirani, akinikuta nateka maji, husema, "Pole na kazi." Hakuniuliza kwanza kama nimeandikwa.

Hata hilo swali la harusini lichunguze. Hatuulizi unafanya nini, tunauliza uko wapi, kana kwamba mtu asiye na ofisi hana mahali aliposimama. Wewe una mahali. Mjibu, "Nipo, kampuni ilipunguza watu, natafuta." Usiongeze neno. Kama ni mwenzako kweli atakwambia alichosikia kuhusu nafasi. Kama si mwenzako ataondoka, na biriani utakula.

Nina hasira moja ambayo sijaimaliza, niiseme hapa nipumue. Mpaka leo korosho zetu nyingi zinaondoka na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Nikisikia honi ya meli bandarini wakati wa msimu, nawafikiria wasichana wa huku wa miaka ishirini ambao vidole vyao havitajua wanaweza nini.

Sasa nina shida na wewe, na sikutafutii cha kupoteza muda. Msimu uliopita tulipeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi ikarudi na makato ambayo mimi na mdogo wako hatukuyaelewa. Tulisaini tu. Wewe umekaa miaka kumi na moja unasoma karatasi za mizigo, kilo iliyopotea unaiona kabla hujavaa miwani. Minada inaanza mwezi wa kumi. Njoo uzisome karatasi hizo kabla hatujatia saini tena, na za majirani pia, nimeshawaambia.

Njoo na watoto. Lakini yule mkubwa mwambie ukweli kabla hamjapanda basi. Ana miaka tisa na anaona shati linavyopigwa pasi. Asije akausikia huku kwa binamu zake.

Mama yako