Madafu 80 juu ya paa: nilivyojifunza kuchagua na kufunga keria

Siku mbili kabla ya arusi ya binamu wa mke wangu, mimi na shemeji tulipanda Kaloleni alfajiri kuchukua madafu. Gari lilikuwa Pajero langu la 1996, la dizeli, na juu lilikuwa na keria mpya ya chuma, rangi haijakauka vizuri. Ndani tulikuwa tumejaza masufuria ya kukodi na viti vya plastiki, kwa hivyo madafu yakapanda juu. Shemeji aliyapokea kutoka kwa wakwezi, akayapanga huku akihesabu kwa sauti. Alipofika 80 nikamwambia basi, yatosha.

"Shemeji, hili ni gari la safari," akanijibu. "Halina neno."

Neno lilitungoja kwenye kona za kuteremkia Rabai. Niliingia kona moja kwa mwendo niliouzoea miaka yote, gari likalala upande na halikutaka kurudi. Lilipoamua kurudi, likalalia upande wa pili. Shemeji alishika dashibodi kwa mikono miwili, akawa anasoma anachokijua. Tulisimama kando, tukashusha madafu 40 tukamwachia mama mmoja mwenye kibanda, tukaenda Mazeras kwa mwendo wa kobe.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Masika yalipoanza, maji yakawa yanadondoka ndani ya gari, na yalichagua kumdondokea mama mkwe begani tukiwa foleni ya feri Likoni. Kumbe gata, ule mfereji mdogo wa bati unaopita ukingoni mwa paa, ulikuwa umepinda na kufunguka pale mguu wa keria ulipokalia. Ndipo nikaanza kuuliza maswali ambayo ningeyauliza kabla sijatoa pesa.

Kosa langu lilianzia kwa fundi. Nilikwenda na picha kwenye simu, nikamwambia nataka kama hii. Fundi ni mtu wa kuchomelea, si wa kujua paa la gari langu linabeba nini. Akaniambia, "Ami, hiki ni chuma, panda juu uruke." Na kweli nilipanda nikaruka, keria haikutikisika. Lakini aliyekuwa akibeba si keria. Ni paa.

Kila gari lina kiwango cha uzito ambacho kiwanda kinaruhusu juu ya paa, na kiwango hicho kinahesabu keria yenyewe pamoja na mzigo. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya. Suzuki Jimny ya sasa, ile ya kuanzia 2018, kiwango chake ni kilo 30 tu. Land Rover Defender mpya inaruhusiwa kilo 168 ikitembea na 300 ikiwa imesimama. Tofauti ni kubwa hivyo, na yote mawili watu wanayaita fo-wili. Tafuta nambari ya gari lako katika kitabu chake. Changu kilikuja na gari kutoka Japani, na maandishi yake ni ya huko; mwanangu alikimulika kwa simu ikatutafsiria, nikaona nambari yangu, nikanyamaza.

Hebu tupige hesabu ya ile keria. Bomba la mraba la milimita 25 kwa 25, lenye unene wa milimita 2, lina uzito wa karibu kilo moja na nusu kwa kila mita. Yangu ilikula kama mita 30 za bomba, kwa hivyo ni kilo 40 na kitu kabla hujaweka wavu wa chini, miguu na boliti. Ilipokamilika ilikuwa inakaribia 60. Sasa dafu moja lenye maji, tuseme kilo moja na nusu, na hapo nimelipunja. Mara 80 ni kilo 120. Jumla kilo 180 juu ya kichwa changu, kwenye kona.

Na hiyo ni hesabu ya lami. Ukiingia barabara ya mchanga yenye mawimbi, kama njia za Tsavo, kila mtikisiko unaugeuza mzigo kuwa nyundo. Wanaouza keria za safari hushauri upunguze theluthi nzima ukiwa nje ya lami. Mimi nakubaliana nao, na siku hizi hata kwenye lami nabeba kama niko Tsavo. Kiwango cha gari likisimama ni habari nyingine, kinawahusu wenye mahema ya juu ya paa: hema lenyewe lazima liingie katika kiwango cha kutembea, lakini nyinyi wawili mkipanda kulala gari likiwa limezimwa, hapo paa linavumilia zaidi.

Wazee wetu wa majahazi hawakuhitaji kitabu kwa hili. Uzito ulikwenda chini kwenye ngama, na chombo kikiwa kitupu kilitiwa farumi ili kisipinduke. Hakuna nahodha aliyepandisha saruji juu akaacha makuti chini. Gari nalo ni vilevile: kinachofaa kukaa juu ni kikubwa kwa umbo na kidogo kwa uzito. Magodoro, mahema, vikapu, mikeka, vyombo vya plastiki. Jerikani la maji la lita 20 ni kilo 20 na ushee, la dizeli kama 17, na pembeni ya hapo kuna chuma cha jerikani lenyewe. Hayo yaweke ndani, sakafuni, nyuma ya viti. Petroli sikushauri uipandishe juu kabisa, jua letu la Januari unalijua. Tairi la spea nalo nimeliona juu ya magari mengi likipendeza, lakini ni zito, na siku ya pancha utalishusha peke yako ukiwa na kiuno chako hichohicho.

Baada ya uzito, angalia paa lako limeumbwaje, maana hilo ndilo linaloamua keria itashika wapi. Magari ya zamani kama Pajero langu, Land Cruiser ya 80, Patrol na Defender ile ya kale yana gata, na miguu ya keria inabana hapo. Mengine yana reli mbili ndefu zilizofungwa kiwandani. Mengine yana matundu ya boliti yaliyofichwa chini ya vifuniko vya plastiki. Wenyewe wengi hawajui kama wanayo, pitisha kidole utayahisi. Yapo pia yenye paa tupu kabisa, ambayo miguu inang'ang'ania ukingo wa mlango. Hii ya mwisho siipendi kwa mzigo wa maana, ni ya baiskeli moja na mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Anayekuambia atoboe paa ili keria ikae imara, mshukuru, uondoke. Tundu kwenye bati la gari mjini Mombasa ni mwaliko wa kutu.

Na hapa kwetu kutu si hadithi. Upepo wa kusi unaleta chumvi hadi ndani ya nyumba, sembuse juu ya gari linalolala nje Nyali au Bamburi. Bomba la chuma halianzi kuoza nje unakopaka rangi. Linaoza ndani. Hewa ya chumvi inaingia kwenye ncha zilizo wazi, unyevu unakaa, na baada ya miaka miwili mitatu unabonyeza kwa kidole gumba bomba linaingia. Kwa hivyo ukichonga ya chuma, ama mwambie fundi azibe ncha zote kabisa kwa kuchomelea, ama atoboe vitundu vidogo upande wa chini maji yapate njia. Kuziba nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Kisha kila alipochomelea pasuguliwe mpaka chuma king'ae, papakwe redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, ndipo rangi yenyewe. Mafundi wana haraka, wanapaka rangi juu ya majivu ya moto. Simama pale. Nunua soda, kaa, angalia.

Alumini ni nyepesi, kama theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule, na haishiki kutu nyekundu. Ndiyo niliyo nayo sasa, ya kufungwa kwa boliti vipande kwa vipande. Lakini usidanganywe kwamba haili. Ukifunga alumini kwa boliti za chuma au za stenlesi moja kwa moja, ukaongeza chumvi, alumini inaliwa pale zinapogusana. Utaona unga mweupe. Dawa yake ni washa za plastiki au mpira kati ya metali mbili, na grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti. Pia alumini haichomelewi na ile welda ya vijiti ya kawaida. Ikikatika, unahitaji fundi mwenye mashine ya gesi, nao si kila kichochoro wapo. Kwa mtu anayekwenda mbali na mji mara nyingi, hilo ndilo jambo moja linalonifanya niiheshimu keria ya chuma: popote penye umeme na mtu mwenye miwani nyeusi, itatengenezwa.

Kufunga sasa. Hii si kazi ya mtu mmoja, na si kazi ya jioni ukiwa na haraka ya safari ya kesho. Nilimwita shemeji yuleyule, akiwa na deni.

Kwanza safisha gata au reli kwa maji ya sabuni, ukaushe, kisha pita na ncha ya bisibisi ukigonga taratibu. Ikizama, una kutu chini ya rangi na keria isipande mpaka itengenezwe. Hesabu miguu: minne haitoshi kwa keria ndefu, mimi nina sita, mitatu kila upande, imetawanywa ili uzito usikae mahali pamoja. Chini ya kila mguu weka kipande cha mpira. Nilikata wa tairi la ndani la lori. Unafanya kazi kama wa dukani.

Pandisha keria watu wawili, ikae huru bila kukazwa. Fungua milango yote. Fungua mlango wa nyuma, hasa kama ni ule wa kufunguka kwenda juu; nimeona gari jipya likipasuka kioo cha nyuma siku ya kwanza kwa sababu hii. Angalia waya wa redio na, kama lipo, dirisha la paa. Hakikisha kati ya keria na bati pana nafasi ya vidole vitatu hivi, maana bati linacheza likipata mzigo. Kisha pima kwa futi kutoka kona ya mbele kulia ya keria hadi kona ya nyuma kushoto ya paa, halafu kutoka ya mbele kushoto ya keria hadi ya nyuma kulia ya paa. Vipimo viwili visipolingana, keria imekaa mshazari, nayo itapiga kelele na kupindisha gata upande mmoja.

Ukishalinganisha, kaza kidogo kidogo kwa kuvuka: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, kisha ya kati. Usimalize mguu mmoja kabla ya mingine. Tumia nati zenye plastiki ndani, hazilegei upesi kwa mtikisiko. Na usikaze kwa hasira. Yule fundi wangu alirefusha spana kwa bomba, na nusu ya kupinda kwa gata langu ilianzia pale, kabla ya dafu la kwanza. Kisha, safari ya kwanza, ukifika Mariakani simama, shuka, kaza tena. Ukizikuta zimelegea kidogo, usishangae. Fika Voi uangalie mara ya pili. Baada ya hapo mimi hukagua kila mwezi, na baada ya kila safari ya vumbi.

Mzigo mzito kiasi ukae katikati, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, usiupeleke ukingoni. Kamba ya katani ni nzuri kwa anayejua mafundo, lakini ikilowa na kukauka inabadilika. Mikanda ya racheti inashika zaidi, ila usikaze hadi keria ikunje. Mkanda unaopita mbele uzungushe mara moja katikati kabla hujauvuta: mkanda ulionyooka unavuma kama zumari ukiwa kwenye mwendo, uliosokotwa unanyamaza. Kelele nyingine hutoka kwenye bomba la mbele la keria. Kibao cha kuelekeza upepo kinapunguza, hakimalizi. Na mafuta yataongezeka kuliwa hata keria ikiwa tupu, kwa hivyo kama husafiri miezi mitatu, ishushe.

Pima pia urefu mpya wa gari kutoka chini hadi juu kabisa, uandike kwenye karatasi ubandike karibu na usukani. Mimi nilikumbuka keria yangu baada ya kusikia mlio kwenye parking ya chini ya jengo moja Nyali, mlinzi akiniinulia mkono tayari pameharibika.

Upepo wa pembeni ndio ambao watu hawautaji. Daraja la Nyali wakati wa kusi, ukiwa na mzigo mrefu juu, utahisi gari linasukumwa kama tanga. Punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, waache matatu wapite na honi zao.

Ile keria ya chuma sikuiuza, nisingependa imkute mtu mwingine kwenye kona za Rabai. Tuliibeba ndani ya pikapu mpaka Kaloleni kwa wakwe. Mama mkwe ameiweka juu ya matofali manne nyuma ya nyumba, imekuwa chanja la kuanikia mbata. Mara ya mwisho nilipokwenda ilikuwa imebeba nazi nyingi kuliko siku ile ya arusi, na haijapinda hata kidogo. Fundi hakudanganya kuhusu chuma chake.