Jibu: Kwa nini anga la mchoro limepasuka?

Dada, umesema anga la mchoro wako wa ghuba ya Mikindani limeanza nyufa kabla hata mwaka haujaisha, na kwamba tabaka la chini ulilipaka kwa mafuta mengi ya kitani, halafu juu ukaweka rangi iliyozimuliwa kwa tapentaini. Basi umeshajijibu. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hayapotei hewani, bali hushika oksijeni na kugeuka utando, taratibu mno. Tabaka nono linaendelea kucheza kwa miezi huku la juu limeshakakamaa. Lazima lipasuke. Geuza mpangilio: chini nyembamba yenye tapentaini, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo kwa kila tabaka la juu.

Mimi huanza na amba, ile rangi ya kahawia ya udongo, iliyozimuliwa, nagawa mwanga na kivuli tu, majani baadaye. Amba nayo hukauka upesi. Hapo usizubae, maana jua la kwetu likishapanda vivuli vya mibuyu vinahama, na utajikuta umechora saa mbili na saa nne kwenye picha moja (wengi wanafanya hivyo na wanauza, lakini jicho linakataa).

Kijani cha kwenye tyubu sikipendi kwa mikorosho, kimekolea mno. Changanya oka ya njano na bluu ya ultramarini. Mikorosho ya mbali iongezee bluu na nyeupe, kwani hewa hufifisha rangi.

Matambara yenye mafuta usiyarundike ndani, yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja.