Maswali na majibu: Kimo cha jengo refu huanzia wapi, na huishia wapi?

Jengo hupimwa kuanzia wapi: chini ya msingi, usawa wa bahari, au mlangoni?

Mlangoni. Msingi hauhesabiwi, hata ukiwa umezama makumi ya mita ardhini, na usawa wa bahari ungelipa jengo la kawaida lililo mlimani sifa ambayo kwa kweli ni ya mlima. Baraza lililojulikana kwa miaka mingi kama Baraza la Majengo Marefu na Makazi ya Mijini, lenye makao yake Chicago, ambalo maamuzi yake hufuatwa na wengi duniani, huanza kupima kwenye mlango wa chini kabisa unaofunguka nje na kutumiwa na waendao kwa miguu. Kwenye kiwanja chenye mteremko kanuni hiyo huongeza mita kadhaa, na ndiyo maana baraza hutaka uwe mlango wa maana, si kijilango kilichotobolewa upande wa bondeni ili kurefusha hesabu.

Kwa nini ncha ya kilele huhesabiwa na antena huachwa, ilhali vyote ni vyuma vilivyosimama juu ya paa?

Hoja ya baraza ni kwamba ncha ni sehemu ya usanifu wa jengo, lakini antena ni kifaa kinachoweza kung'olewa na kubadilishwa bila jengo kupoteza sura yake. Hoja hiyo inaeleweka mpaka inapokutana na majengo yenyewe. Minara ya Petronas ya Kuala Lumpur ilipewa taji la majengo marefu kuliko yote duniani kwa mita 452 kwa sababu ya ncha zake, ingawa Sears Tower ya Chicago, ambalo sasa huitwa Willis Tower, lilikuwa na paa kwenye mita 442, ghorofa zinazokaliwa juu zaidi kuliko za Petronas, na antena zilizopita mita 500. Mwaka 2013 baraza hilo lilikaa tena kuamua juu ya One World Trade Center la New York, ambalo paa lake liko mita 417 na mlingoti wake unafika mita 541, huku ganda lililokusudiwa kuufunika mlingoti huo likiwa limeondolewa kwenye mpango. Uamuzi ulikuwa kwamba ni ncha, si antena. Sidai kwamba waliamua kwa hila, ila naona kwamba mpaka wenyewe umewekwa kwenye nia ya msanifu, na nia haipimwi kwa futi kamba.

Ujanja wa kurefusha jengo kwa ncha, kwa kweli, si wa leo. Ncha ya Chrysler Building la New York iliunganishwa kwa siri ndani ya jengo na kuinuliwa Oktoba 1929, ikalifikisha mita 319 na kulipita 40 Wall Street, jengo la mji huohuo lililokuwa likishindana nalo.

Basi kipimo cha haki ni kipi?

Baraza hutoa vipimo vitatu: kimo cha usanifu, ambacho ndicho hutumika kupanga orodha, ghorofa ya juu kabisa inayotumiwa na watu, na ncha ya mwisho ya kitu chochote, antena ikiwemo. Mimi ningechagua cha pili. Burj Khalifa la Dubai lina mita 828 na Shanghai Tower lina mita 632, tofauti ya karibu mita 200. Lakini ghorofa zao za juu zinazotumika ziko takriban mita 585 na 583. Mtu aliyesimama kwenye ghorofa hiyo ya Shanghai, kwa hiyo, anazidiwa mita mbili tu na mwenzake wa Dubai. Mita zaidi ya 240 zilizobaki juu ya Burj Khalifa zinapendeza machoni, lakini hakuna anayefanya kazi wala kulala humo.

CN Tower ya Toronto ina mita 553. Mbona haimo kwenye orodha ya majengo?

Kwa sababu angalau nusu ya kimo inapaswa kuwa na ghorofa zinazotumika. Isipofika hapo, huo ni mnara.

Je, si rahisi zaidi kuhesabu ghorofa?

Ni rahisi, lakini hesabu hiyo haituambii kimo. Ghorofa za ofisi kwa kawaida huwa na dari ya juu kuliko za makazi, hivyo majengo mawili yenye ghorofa 60 yanaweza kupitana kwa makumi ya mita. Isitoshe, yako majengo yanayoruka namba 13, na mengine namba 4, kwa kuogopa mkosi, kiasi kwamba namba iliyo kwenye kitufe cha lifti huzidi ghorofa zilizopo.